Biashara yako inahitaji Mbps ngapi? Ihesabu saa yenye kazi nyingi kabla hujahesabu watu

Msimu uliopita wa maombi ya mikopo ya elimu ya juu, dada mmoja mwenye steshenari maeneo ya Kabwe, hapa jijini Mbeya, alinipigia simu mnamo saa tano asubuhi. "Kaka, njoo ujionee mwenyewe. Kifurushi nimepandisha, pesa nimelipa, na bado neti inazunguka tu." Nilipofika nilikuta vijana wamejaa kwenye benchi mpaka barazani, kila mmoja kashika bahasha ya vyeti, na kompyuta zote sita zimeganda kwenye kile kiduara cha kusubiri. Alianza na Mbps 10, akaenda 20, na sasa wakala alikuwa anamshawishi achukue 40.

Nilimwomba asilipe kwanza. Tulichokikuta pale nitakieleza, ila kuna maneno matatu au manne ambayo lazima yaeleweke kabla, maana ndiyo yanayowatoa watu pesa bila sababu.

Swali lake naulizwa kila mara, iwe Mwanjelwa, Mafinga au Makambako: intaneti ya biashara yangu iwe kubwa kiasi gani? Wengi hujibiwa kwa idadi ya watu. Mko watano, chukua 20. Mko kumi, chukua 40. Ni jibu jepesi kulitoa, lakini haliangalii kazi inayofanyika. Wahasibu kumi wanaojaza fomu wanaweza kutosheka na njia ambayo mgeni mmoja wa lodge, akifungua video ya 4K, yenye picha kali sana, kwenye runinga, anaimaliza peke yake.

Tanki na bomba

Namba zinazochanganywa kuliko zote ni GB na Mbps. Chukua simtanki lililo juu ya mnara nyuma ya nyumba. GB ni ujazo wa tanki: maji uliyonunua, yakiisha yameisha. Mbps ni unene wa bomba linaloshuka kuja jikoni, yaani maji yanayoweza kutoka kila sekunde. Ukiwa na tanki la lita 5,000 na bomba la nusu inchi, ndoo itajaa polepole hata kama tanki limefurika. Ukiwa na bomba la inchi mbili kwenye tanki la lita 500, raha yako ni ya muda mfupi.

Bando la simu huuzwa kwa ujazo. Faiba ya ofisini kwa kawaida huuzwa kwa unene wa bomba, ukalipa kwa mwezi. Ndiyo maana mtu aliyezoea bando akiambiwa "Mbps 20" anaona kama amepewa kitu kilekile na GB 20, au pungufu. Hesabu inaonyesha tofauti: njia ya Mbps 10 ikitumika kikamilifu kwa muda wa saa moja inapitisha GB 4.5. Bando la GB 20 lingekauka kwa muda wa chini ya masaa matano.

Hiyo Mbps ni megabiti kwa sekunde. Herufi b hapo ni ndogo, na udogo wake una maana. Mafaili ya kompyuta hupimwa kwa baiti, yenye B kubwa, na baiti moja ni biti 8. Ukinunua Mbps 20, usitegemee kuona faili likishuka kwa MB 20 kila sekunde. Gawa kwa 8, utapata MB 2.5. Nimeshuhudia mwenye ofisi akigombana na fundi wa faiba, anadai ameibiwa, kumbe kompyuta yake inasoma kwa baiti na mkataba umeandikwa kwa biti. Muuzaji anahesabu kwa sado, mnunuzi anahesabu kwa debe, na viazi ni vilevile.

Na neno "bila kikomo" lisome taratibu. Mara nyingi maana yake ni kwamba hutakatiwa, lakini ukishavuka kiwango fulani kwa mwezi spidi inashushwa. Kiwango hicho kimo kwenye masharti. Kiulize kabla hujasaini, na uulize inashushwa hadi ngapi.

Kupanda Kitonga

Sasa turudi Kabwe. Intaneti ina njia mbili. Kushusha ni kila kinachokuja kwako: ukurasa, video, ujumbe. Kupandisha ni kila unachotuma: vyeti vilivyoskaniwa, nyaraka za zabuni, sura yako kwenye mkutano wa video. Matangazo hutaja namba ya kushusha. Ya kupandisha huwa kwenye maandishi madogo, na mara nyingi ni ndogo zaidi.

Aliyewahi kupanda basi kutoka Dar kuja Iringa anaijua Kitonga. Upande wa kupanda malori yanakokota kwa gia ya kwanza, msururu unajengeka nyuma yao, na wakati huohuo wanaoshuka wanateremka bila shida. Ukimuuliza aliyeko juu ya mlima kama barabara ni nzuri, atakwambia ni nzuri. Muulize aliye nyuma ya lori.

Pale steshenari tulichomoa kila kitu kwenye ruta, tukaunganisha laptop moja kwa waya, tukapima spidi. Kushusha Mbps 19, kupandisha 9. Kampuni ilikuwa inatoa ilichoahidi. Tukaanza kurudisha kifaa kimoja kimoja, tukipima kila mara. Kompyuta ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa. Zote sita, bado sawa. Tulipochomeka boksi la kamera za ulinzi, kupandisha kukaporomoka hadi kama 1.

Kamera zilikuwa nne, zimefungwa wiki chache nyuma, na fundi aliyezifunga aliziweka zitume video mfululizo kwenda kuhifadhiwa mtandaoni, usiku na mchana. Kamera moja ya 1080p, yaani yenye picha ya ubora wa juu, hutuma takribani Mbps 2 hadi 4. Nne, kwa kiwango cha chini, ni Mbps 8. Kwenye njia ya 9 wateja wote walikuwa wanagombania Mbps 1 iliyobaki.

Mfikirie kijana anayepandisha cheti cha MB 2. Hiyo ni megabiti 16. Njia ikiwa na Mbps 8 zilizo wazi, cheti kinafika kwa sekunde 2. Ikibaki Mbps 1, ni sekunde 16. Wakifanya hivyo sita kwa pamoja ni sekunde 96, zaidi ya dakika moja na nusu, na hapo mfumo unaopokea unaweza kuacha kusubiri ukamtupa nje. Anaanza upya, na kule kuanza upya kunaongeza mzigo kwenye njia ileile.

Kuna jambo ambalo watu hawaliamini mpaka waonyeshwe: kupandisha kukijaa, kushusha nako kunakwama. Data inayoingia inadai risiti irudi kwa mtumaji kwamba imefika salama. Risiti hizo ni ndogo sana, lakini zinapita njia ya kupandisha. Zikikwama nyuma ya video za kamera, mtumaji anadhani kuna tatizo mbele, anapunguza kasi. Kwa hiyo yule dada alikuwa anaona kurasa hazifunguki, akaongeza njia ya kushusha, ambayo muda wote ilikuwa na nafasi tele.

Tulibadilisha mpangilio wa kamera zirekodi kwenye diski iliyomo ndani ya boksi lenyewe, na video iende mtandaoni pale tu anapotaka kuangalia kwenye simu yake. Tukapima: kupandisha 9. Mpaka saa nane mchana benchi lilikuwa limebaki na watu watatu. Ile Mbps 40 hakuinunua. Nilimwambia pia ukweli mwingine, kwamba siku za mwisho mfumo wa maombi wenyewe ukielemewa, hakuna kifurushi cha Mbeya kitakachousaidia.

Muda wa safari

Kipimo kingine ni muda ambao ujumbe unatumia kwenda na kurudi, unaohesabiwa kwa milisekunde, yaani sehemu ya elfu ya sekunde. Ndani ya faiba data hubebwa na mwanga, nao husafiri takribani kilomita 200,000 kwa sekunde. Mbeya hadi Dar ni zaidi ya kilomita 800 kwa barabara, kwa hiyo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 8, ukiongeza kidogo kwa ajili ya vituo vya njiani. Huwezi kuihisi. Setilaiti inayokaa juu ya ikweta iko umbali wa karibu kilomita 36,000, na safari hiyo inafika nusu sekunde au zaidi. Hapo ndipo kwenye simu mnaanza kuongea kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja. Kuongeza Mbps hakupunguzi umbali.

Laini iliyofungwa lumbesa

Mkataba ukiandika "hadi Mbps 20", lipe uzito neno "hadi". Kuna intaneti ya kugawana na kuna ya peke yako. Ya kugawana ni daladala: nauli ndogo, na asubuhi na jioni unabanwa. Ya peke yako ni gari la kukodi: ghali, lakini kiti chako hakuna anayekikalia. Kugawana siyo wizi, kwa sababu wateja wote hawatumii kwa sekunde ileile, na biashara nyingi ndogo zinatosheka nayo. Shida inakuja kampuni inapopakia wateja wengi mno kwenye njia moja. Wakulima wa viazi wa Njombe na Uporoto wanalijua jina lake: lumbesa. Gunia linaitwa gunia, lakini kilichomo kimepita kipimo.

Ukitaka kujua uko kwenye lumbesa au la, pima mara tatu kwa siku kwa siku kadhaa: asubuhi mapema, katikati ya kazi, na saa mbili usiku. Tumia waya, na hakikisha hakuna mwingine anayetumia wakati huo. Namba zikiwa karibu sawa, njia ni nzima. Ikiwa alfajiri unapata 19 na usiku unapata 3, uliyonayo ni hoja ya kumpelekea mtoa huduma, na karatasi yenye tarehe na saa inasikilizwa kuliko malalamiko ya mdomo.

Daftari na saa ya msongamano

Hesabu yenyewe haihitaji utaalamu. Andika saa ambayo biashara yako inazidiwa na kazi kuliko saa nyingine zote. Wastani wa siku hautakusaidia, kwa sababu siku nzima ya utulivu haimfariji mteja aliyekwama kwenye foleni. Andika vitu vinavyotokea kwa pamoja ndani ya saa hiyo, kila kimoja na mzigo wake, kushusha kivyake na kupandisha kivyake.

Simu ya sauti ya mtandaoni ni kama Mbps 0.1 kila upande. Mkutano wa video ni Mbps 1 hadi 4 kila upande, kutegemea ubora wa picha na wingi wa washiriki. Video ya YouTube ni Mbps 2.5 kwa ubora wa 720p, 5 kwa 1080p, na 20 kwa 4K. Mtu anayeperuzi, kujaza fomu na kusoma barua pepe, mimi humkadiria Mbps 1 hadi 2. Mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, na malipo ya simu hutumia kidogo mno, kilobaiti chache kwa muamala. Usizihesabu, ila zilinde, kwa sababu zikikosa njia biashara inasimama. Jumlisha, kisha ongeza theluthi moja kwa ajili ya masasisho ya kompyuta na mambo usiyoyaona.

Duka la vifaa vya ujenzi pale Mafinga, lenye EFD, kompyuta mbili na WhatsApp ya kutuma picha za mbao na bati, halifiki Mbps 5 hata siku ya mnada. Wakala wa forodha Tunduma naye anatuma nyaraka ndogo. Anachohitaji ni njia isiyokatika katikati ya kazi kuliko njia pana. Mkandarasi anayepandisha zabuni kwenye NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali, aangalie namba ya kupandisha peke yake. Faili la MB 100 ni megabiti 800: kwa Mbps 2 za kupandisha ni sekunde 400, karibu dakika saba, na kwa Mbps 10 ni sekunde 80. Zimebaki dakika kumi dirisha lifungwe, tofauti hiyo ni zabuni nzima. Msafirishaji wa parachichi wa Rungwe anayemwonyesha mnunuzi wa Ulaya mzigo kwa video akiwa ghalani, naye ni hivyohivyo: picha inayokatika kule ni ile anayoituma yeye.

Lodge ndiyo inayosumbua vichwa. Tuseme iko Gangilonga, Iringa, ina vyumba 20, na wengi ni wageni wa hifadhi ya Ruaha. Ukipima saa nne asubuhi utadhani una intaneti ya kutupa, kwa sababu wote wako porini. Msongamano ni saa tatu usiku. Wageni 12 wanatazama video ya 1080p, hiyo ni 60. Wanne wanaongea na nyumbani kwa video, Mbps 2 kila mmoja, ni 8. Ongeza 5 za waliobaki na simu zao. Jumla 73, na theluthi yake inakufikisha karibu 100.

Lakini kabla ya kulipia 100, mwambie fundi aweke ukomo kwenye ruta, kila kifaa kisipite Mbps 3. Video ikikosa nafasi ya 1080p hushuka yenyewe hadi 720p, na kwenye kioo cha simu tofauti hiyo ni ndogo sana. Wale 16, hata kila mmoja akifikia ukomo wake, sasa ni 48, jumla 53, na ukiongeza theluthi ni kama 70. Umeokoa pesa ya kila mwezi, na umezuia mgeni mmoja mwenye runinga kubwa asiwanyime wenzake kumi na tisa. Mashine ya malipo ya mapokezi itenganishwe na waifai ya wageni, ipewe njia yake yenye kipaumbele.

Kuta za tofali za kuchoma

Robo tatu ya lodge na ofisi ninazoitwa, kosa si la intaneti kabisa. Ni waifai. Zile alama za kujaa kwenye simu zinaonyesha unavyosikilizana na ruta tu, kutoka hapo ulipo hadi ilipo. Hazijui chochote kuhusu kinachoingia kutoka nje. Unaweza kuwa na alama zote na faiba imekatika.

Huku kwetu majengo mengi ni ya tofali za kuchoma, na kuta za zamani ni nene. Mawimbi ya 5 GHz yana kasi lakini hufia haraka ukutani, ya 2.4 GHz yanafika mbali zaidi ila ni ya polepole na yanagongana na ya majirani. Ukiweka ruta moja mapokezini, chumba cha mwisho wa korido kitalalamika hata ukinunua Mbps 200. Jaribio ni jepesi: pima ukiwa umeshika ruta mkononi, kisha pima chumbani. Kama mapokezini unapata 50 na chumbani 2, pesa yako iende kwenye waya wa mtandao na kifaa cha pili cha waifai karibu na vyumba hivyo.

Neti ikikatika

Kuna wanaoamini kifurushi kikubwa hakikatiki. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na SEACOM, zilikatika, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Wa Mbps 5 na wa Mbps 100 waliona kiduara kilekile. Nilipigiwa simu siku hiyo na watu waliokuwa wamewasha na kuzima ruta mpaka wakachoka.

Unene wa bomba na uhakika wa maji ni vitu viwili, na cha pili kinanunuliwa kivyake. Ruta iwe na betri yake, kwa sababu umeme ukikatika Mwanjelwa faiba haikatiki lazima. Kilichozimika ni boksi lako. Kwa duka, laini ya pili ya simu yenye bando dogo inatosha kuifanya EFD na malipo yaendelee. Kwa wakala wa Tunduma au lodge, tafuta njia ya pili kutoka kampuni nyingine, ila usiishie kwenye jina la kampuni. Muulize fundi nyaya zake zinatokea wapi na zinapita nguzo zipi hadi kwako. Nimeona ofisi inayolipia kampuni mbili kila mwezi, na nyaya zote mbili zimefungwa kwenye nguzo moja pembeni ya barabara kuu, ambayo lori liliigonga asubuhi moja.